Kazi Inayokubali Kukatizwa: Unga na Sindano katika Nyumba za Pwani

Vitumbua, maandazi, mkate wa kumimina, kofia ya bulibuli, upindo wa kanga: kwa vizazi vingi vitu hivi vimetoka mikononi mwa wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki, na vimetoka majumbani, si viwandani. Ukiuliza kwa nini kazi hizi zimekaa nyumbani muda wote huo, jibu la haraka ni kwamba ni kazi nyepesi. Mama ana watoto, ana wazee wa kutunza, ana wageni wanaofika bila taarifa, basi huachiwa vijikazi visivyotaka ufundi mkubwa. Jibu hilo nalikataa. Aliyewahi kuitazama kwa makini kofia iliyoshonwa kwa mkono anajua kwamba pale hapana wepesi wowote. Sifa ya kazi hizi ni nyingine: zinakubali kukatizwa. Mtoto akilia, sindano inachomekwa kwenye kitambaa na kazi inangoja. Unga ukishakandwa unaendelea kuumuka mama akiwa amelala. Nadai kwamba sifa hiyo haikuja kwa bahati. Ilitengenezwa hatua kwa hatua na wanawake wenyewe, na kwa sababu hiyo unga na sindano vina historia ya uchumi na ya siasa ambayo mitaala ya sayansi kimu na vitabu vya mapishi havijaigusa.

Wazo la kupima kazi kwa kukatizika kwake lina mwenyewe. Mwaka 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani, Judith Brown, alichapisha makala fupi akihoji kwa nini katika jamii nyingi kazi fulani huwaangukia wanawake. Habari ya nguvu za mwili aliiweka kando, akasema jambo kubwa ni malezi: kazi anayoiweza mtu mwenye mtoto ni ile isiyomtia mtoto hatarini, isiyodai akili yote kila dakika, inayoachwa na kurudiwa bila kuharibika, na isiyompeleka mbali na nyumbani. Mwaka 1994 Elizabeth Wayland Barber alilichukua wazo hilo akaieleza kwalo historia ya kusokota na kufuma tangu zama za kale. Wawili hao hawakuwa wakiandika habari za pwani yetu, lakini pwani yetu inalipima wazo lao vizuri. Tazama ukili. Majani ya mkindu husukwa kuwa ukanda mwembamba mrefu, ukanda huviringishwa kadiri unavyokua, na msukaji anaweza kusuka shubiri mbili akiwa amekaa na mgonjwa, akaacha, akasuka nyingine jioni barazani mwa jirani. Kanda zikitosha hushonwa pamoja zikawa mkeka. Kazi kubwa, ambayo kwa mkupuo mmoja ingekula siku nyingi mfululizo, imekatwakatwa ikawa vipande vinavyoingia katika nafasi zozote zinazobaki kati ya shughuli moja na nyingine. Kanuni hiyo ndiyo tutakayoikuta tena kwenye kitambaa na kwenye unga.

Nguo zilitengenezwa pwani muda mrefu kabla ya cherehani na kabla ya meli za Marekani. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita huku mwaka 1331, aliandika kuhusu nguo zilizofumwa Mogadishu, nguo zisizo na mfano, zilizosafirishwa hadi Misri. Katika uchimbuaji wa Kilwa Kisiwani ulioongozwa na Neville Chittick miaka ya 1960, vilipatikana vigurudumu vya kusokotea uzi vilivyochongwa kutokana na vigae vya vyungu vilivyovunjika. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, alieleza jinsi Waislamu wa Sofala walivyofumua nguo za buluu kutoka Cambay, kisha wakafuma upya nyuzi zake pamoja na uzi wao mweupe, kwa kuwa kwao hawakuwa na rangi ile. Ushahidi huu hautaji jina la mwanamke hata mmoja, na sitaujaza majina. Unachoonyesha ni kwamba mji wa pwani ulikuwa na kazi ya uzi yenye hatua nyingi, na kwamba baadhi ya hatua hizo, kama kusokota na kufumua, hazikuhitaji kifaa kikubwa kuliko kigae chenye tundu na kijiti. Kufuma kwenyewe kulihitaji kitanda cha mfumi, mahali pake maalumu, na mtu aliyekaa hapo kutwa. Huko Benadir, yaani pwani ya Mogadishu, wafumaji waliojulikana walikuwa wanaume. Tofauti hiyo ni muhimu, na nitairudia.

Karne ya 19 ilibadili mambo kwa kasi. Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, mwaka 1833, na baada yake kitambaa cha pamba kutoka New England, kilichopitia bandari ya Salem, kilienea kiasi kwamba jina lake, merikani, limebaki hadi leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, viliukata mkondo huo, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikajaza nafasi. Nguo ya nje ilipokuwa rahisi hivyo, kusokota uzi nyumbani hakukuwa na faida tena. Hapa ndipo mtu angetarajia mkono wa mwanamke wa pwani utoke katika habari za nguo. Haukutoka. Ulihama kutoka mwanzo wa kazi kwenda mwisho wake, kutoka kutengeneza kitambaa hadi kukimalizia. Kanga yenyewe, kwa masimulizi yanayokubalika na wengi, ilianza kwa ushonaji wa namna hiyo: katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake walinunua leso za rangi zilizouzwa zikiwa hazijakatwa, wakachukua sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi moja pana. Wafanyabiashara walifuata baadaye. Mjini Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alianzisha mwaka 1887 biashara ambayo kanga zake zilikuja kujulikana kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Kiwanda kilichapa kwa mkupuo kile ambacho mishono ya nyumbani ilikuwa imekwisha kukibuni. Na bado kanga huuzwa ikiwa jozi isiyokatwa. Kuikata na kukunga upindo ni kazi ya mnunuzi au ya jirani yake mwenye sindano.

Kofia ndiyo inayoonyesha jambo hili kwa undani zaidi. Kofia ya bulibuli ina sehemu mbili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa, na kila sehemu ni tabaka mbili za kitambaa cheupe zilizoshikanishwa kwa mishono ya bandi ili ziwe ngumu na zisimame. Nakshi huchorwa kwanza kwa kalamu. Kisha mshonaji hutoboa vitundu vidogo kimoja kimoja, na ukingo wa kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka ufunge, usije ukachanika kofia ikifuliwa. Vitundu ni mamia. Kazi ikiisha, kofia hufuliwa, hutiwa kanji na kukaushwa ili ikae umbo lake. Kofia moja nzuri hudai miezi, si kwa sababu saa zake ni nyingi kiasi hicho zikijumlishwa, bali kwa sababu saa zake zimetawanyika kati ya chakula cha mchana na sala, kati ya mtoto wa kwanza kulala na wa pili kuamka. Kila kitundu ni kazi iliyokamilika peke yake. Ukiacha katikati ya ukanda hupotezi kitu. Mchoro uko pale pale, na aliyeacha anajua hasa alipofika. Hata mtu mwingine anaweza kuendelea, na ndiyo maana kofia moja mara nyingi imepita mikono kadhaa, mmoja mwenye kipaji cha kuchora, mwingine mwenye macho ya kutoboa, wa tatu mwenye kanji nzuri. Hapo hatuoni kijikazi. Tunaona mpango wa uzalishaji wenye mgawanyo wa kazi, isipokuwa umeenea katika nyumba kadhaa badala ya kukaa chini ya paa moja.

Unga nao una mpango wake, na hapa muda hugawanywa kwa akili nyingine. Mchele wa vitumbua hurowekwa, husagwa au hutwangwa, huchanganywa na tui, sukari, iliki na hamira, kisha huachwa. Usiku mzima hakuna mtu anayefanya kazi, ila kazi inafanyika. Alfajiri chuma chenye vishimo huwekwa jikoni, na kabla hakujakucha vitumbua viko tayari kwa chai ya watu wanaokwenda kazini. Maandazi ni vivyo hivyo: kukandwa ni jioni, kusukumwa na kukaangwa ni asubuhi, na kati yake hamira ndiyo inayokesha. Anayehesabu muda tangu mchele kurowekwa hadi kitumbua kuliwa atapata saa nyingi sana. Anayehesabu dakika ambazo mikono ya mama imeshughulika atapata chache, na amezipanga pale ambapo watoto wamelala. Werevu wote umo katika kuzitenganisha hesabu hizo mbili.

Na kuna suala la moto. Tanuri la kuokea linataka kuni za kulijaza na mtu wa kulilinda, na lina maana pale tu kunapookwa mikate mingi kwa pamoja. Nyumba ya kawaida ya pwani haikuwa nalo, lakini haikukosa mkate uliookwa. Mkate wa kumimina na mkate wa mayai huokwa kwa sufuria juu ya seredani, makaa machache chini, kifuniko juu, na juu ya kifuniko makaa mengine yamepaliwa. Joto linatoka pande mbili, na makaa yanayotumika mara nyingi ni yale yaliyobaki baada ya kupika chakula kikuu, ambayo yangekuwa majivu bure. Kupalia makaa ni ufundi: yakizidi juu, uso unaungua na kati bado mbichi, yakipungua, mkate haupandi. Hakuna kipimajoto. Kuna harufu, na kuna mkono unaoletwa karibu na kifuniko. Wanaoandika kwamba uokaji uliingia Afrika Mashariki pamoja na majiko ya Ulaya wamelitafuta jiko la chuma, wasipoliona wakadhani hakuna mkate. Mkate wa mofa wa mtama ni mzee kuliko majiko hayo.

Sasa nirudi kwa mfumaji wa Benadir, maana yeye ndiye anayezuia hoja yangu isigeuke kuwa dai kwamba wanawake waliumbwa kwa ajili ya sindano. Pwani hiyo hiyo ilijaa wanaume washonaji. Kanzu zilishonwa na kudariziwa na wanaume, na cherehani zilipoenea, fundi aliyeketi barazani mbele ya duka la vitambaa, Mhindi kwanza na baadaye Mwafrika, alikuwa karibu kila mara mwanamume. Mkate wa boflo ulitoka kwenye matanuri ya wanaume waliofanya kazi usiku kucha. Sindano ni ile ile, unga ni ule ule. Kilichotofautiana ni mahali na saa. Pale kazi ilipohitaji kukaa mahali pamoja mbele ya wateja, au kulilinda tanuri bila kuondoka, ilishikwa na mtu ambaye hakuna aliyetarajia amnyonyeshe mtoto. Pale ilipoweza kukunjwa na kutiwa kikapuni, au kuachwa iumuke, ilibaki kwa mzazi. Mpaka kati ya kazi ya kiume na ya kike haukupita kwenye aina ya kazi, ulipita kwenye namna ya muda. Nao ulisogea mara kwa mara: cherehani ya mkono, ile inayozungushwa kwa gurudumu na kuwekwa mkekani, iliingia majumbani kwa urahisi ambao cherehani ya miguu yenye meza yake ya chuma haikuupata mapema.

Mashahidi wa karne ya 19 wanasaidia, ingawa lazima wasikilizwe kwa uangalifu. Salme binti Said, aliyezaliwa katika jumba la Sayyid Said mwaka 1844 na kufa akiitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Anawaeleza wanawake wa jumba lile wakidarizi na kutengeneza lesi katika saa zao za mchana, na anabishana waziwazi na wasomaji wa Ulaya waliodhani mwanamke wa Mashariki hukaa bure. Salme alikuwa mtoto wa sultani, na saa za mchana za jumba la sultani zilinunuliwa kwa jasho la watumwa waliopika, kufua na kuchota maji. Kwa hiyo ushahidi wake unathibitisha ustadi, hauthibitishi hoja yangu kuhusu muda. Mwanamke aliyehitaji kazi inayokatizika hakuwa yeye, alikuwa yule aliyemchotea maji.

Huyo tunamwona vizuri zaidi baada ya amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa Zanzibar. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu utamaduni wa Zanzibar mjini, anaonyesha jinsi watu waliotoka utumwani walivyohamia mtaa wa Ng'ambo, wakajenga maisha mapya na kuyatangaza kwa mavazi. Wanawake walivaa kanga na baadaye buibui. Wanaume walivaa kanzu na kofia, mavazi ambayo zamani yalikuwa alama ya muungwana. Naomba tulitazame jambo hili kwa jicho la mshonaji. Kila mwanamume aliyejiona sasa ana haki ya kufunika kichwa chake alikuwa mteja mpya wa kofia. Uhuru wa mmoja ulikuwa soko la mwingine, na aliyelihudumia soko hilo alikuwa mara nyingi mwanamke wa mtaa ule ule, asiye na shamba, asiye na bwana wa kumlisha, mwenye watoto na mwenye sindano. Hata Mombasa, kama Margaret Strobel alivyoandika mwaka 1979 katika utafiti wake wa wanawake Waislamu wa mji huo, kofia na vyakula vya kuuza vilikuwa njia za kupata fedha kwa wanawake ambao heshima au umaskini uliwazuia kutafuta kazi nje.

Kuna pingamizi la kwanza ambalo haliwezi kupuuzwa: je, ushonaji na uokaji wa nyumbani kama tunavyoujua leo si zao la misheni na serikali za kikoloni? Ushahidi upo. Mbweni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, misheni ya Kianglikana ya UMCA iliendesha shule ya wasichana waliokombolewa kutoka utumwani, ambayo Caroline Thackeray aliisimamia kuanzia 1877. Wale walioonekana hawafai kuwa walimu waliwekwa upande wa ufundi, wakafundishwa kushona, kupika na kufua. Serikali ya Zanzibar ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana mwaka 1927, na kazi za nyumbani zilikuwa sehemu ya masomo. Kenya ilianzisha Maendeleo ya Wanawake mwaka 1952, katika mwaka ule ule ilipotangazwa Hali ya Hatari, na vikundi vyake vilifundisha ushonaji, mapishi na malezi. Wabelgiji walikuwa na vituo vyao vya kijamii katika Kongo na Ruanda-Urundi. Kile cha Usumbura, Bujumbura ya leo, kimeandikwa kwa kina na Nancy Rose Hunt, ambaye anaonyesha jinsi masomo ya kushona, kuweka viraka na kupiga pasi yalivyokusudiwa kumjenga mke wa mtumishi wa mjini.

Sikatai hata kimoja kati ya hayo. Shule hizo zilileta mitindo, ruwaza za magauni, keki za mayai na siagi, na wengi walizipenda. Lakini tazama zilifundisha nini kuhusu kazi yenyewe. Katika mtaala wa sayansi kimu, kushona ni wajibu wa mke mwema kwa watu wa nyumbani mwake. Gharama huhesabiwa ili kubana matumizi, si ili kupanga bei. Ng'ambo na Mombasa kazi hiyo hiyo ilikuwa biashara. Ukoloni haukuwapa wanawake wa pwani sindano. Uliwakuta nayo, ukajaribu kuiondoa sokoni na kuiingiza katika adabu. Na haukufanikiwa sana, kwa maana wahitimu wengi wa masomo hayo, pindi maisha yalipobana, waliuza walichofundishwa kukitengeneza bure.

Kipato hicho kidogo kilibeba uzito usiotazamiwa katika siasa za Tanganyika. Mwaka 1953 serikali ilitoa waraka uliowazuia watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. TANU, chama kilichodai uhuru, kilipoanzishwa Julai 1954, wanaume wengi wenye elimu na mishahara walikuwa na cha kupoteza. Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuandikisha wanawake katika chama hicho mwaka 1955, aliwaendea wale aliowajua kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, na Susan Geiger, aliyewahoji wengi wao miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1997, anasisitiza kwamba wengi walikuwa wanawake Waislamu wenye biashara zao ndogo, vyakula vya kuuza vikiwemo. Hakuna mkuu wa wilaya aliyeweza kumfukuza kazi muuza vitumbua. Sisemi kwamba vitumbua vilileta uhuru. Watu walileta uhuru. Nasema kwamba mtu ambaye riziki yake haiko mikononi mwa mwajiri ana ujasiri wa aina yake, na riziki hiyo ilitokana na unga uliolala ukiumuka.

Dola huru ililisahau jambo hilo upesi. Kwa hesabu ya Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, mshahara halisi wa mfanyakazi wa Tanzania ulishuka kwa asilimia 83 kati ya 1974 na 1988. Mshahara wa mwezi ulikwisha mwezi ukiwa mchanga. Nyumba zilisimama kwa miradi midogo, na mingi kati ya hiyo ilikuwa maandazi, vitumbua, barafu za watoto, na cherehani iliyowekwa sebuleni. Wauguzi na walimu walishona baada ya zamu. Katika mwaka 1983 ilipopitishwa sheria ya Nguvu Kazi, iliyolenga kuwahamishia vijijini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi, wengi waliokuwa wakizilisha familia zao walijikuta machoni pa sheria ni wazururaji. Kazi iliyopangwa kwa vipande vya muda haikuonekana kuwa kazi na watu waliokuwa wamezoea kuona kazi ikianza na kwisha kwa saa zilizopangwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na limenishughulisha kuliko la kwanza. Mtu anaweza kusema: mbona unaisifu minyororo? Kofia ya miezi miwili huuzwa kwa fedha ambazo, zikigawanywa kwa saa, ni aibu kuzitaja. Mama hakuichagua kazi inayokatizika. Alisukumwa kwayo kwa sababu malezi yote yaliachiwa yeye. Ni kweli. Tena niongeze: sifa ile ile inayoiwezesha kazi hii ndiyo inayoishusha bei. Mshonaji asiyeweza kuondoka nyumbani hawezi kulinganisha bei za wanunuzi watatu. Mchuuzi anayepita mlangoni analijua hilo, na ndiye anayepanga bei. Aliyenunua kofia Unguja akaiuza ng'ambo ya bahari alipata zaidi kwa safari moja kuliko aliyeitoboa kwa msimu mzima.

Vitumbua navyo vilihitaji miguu. Kama mama hatoki, nani anakwenda sokoni? Kwa miongo mingi aliyekwenda ni mtoto mwenye sinia kichwani, kabla ya shule au badala ya shule. Muda wa mzazi ulinunuliwa kwa muda wa mtoto, na mwandishi anayesimulia werevu wa mpango huu bila kuutaja upande huo anadanganya. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza Tanzania mwaka 1977, na elimu ya msingi bila ada nchini Kenya mwaka 2003, zilimwondoa mtoto huyo mtaani kwa saa nyingi za asubuhi, na hilo lilikuwa jema. Lakini hakuna wizara iliyokaa kuuliza nani atabeba sinia baada yake. Wengine walihamisha seredani hadi kizingiti cha nyumba wakauza hapo hapo. Wengine walikubali bei ya mwenye kioski.

Hata hivyo pingamizi hili halivunji hoja, linaielekeza. Sikudai kwamba kazi hizi zilikuwa za haki. Nilidai kwamba zilibuniwa kwa akili ili ziweze kufanywa na mtu mwenye muda uliokatwakatwa. Aliyefungwa akibuni njia ya kujilisha, ubunifu wake ni wake na kifungo si chake. Kuviita vyote viwili kwa jina la wepesi ni kumdhulumu mara mbili: kwanza ujira, kisha heshima ya ufundi. Tena kosa hilo lina matokeo, kwani sera zinazotaka kuwasaidia wanawake hawa kwa kawaida huwapa mafunzo ya kushona, jambo wanalolijua, na kuacha tatizo lao halisi, yaani umbali kati ya mlango wa nyumba na mfuko wa mnunuzi.

Umbali huo ndio unaobadilika sasa. Kofia za mashine kutoka Asia zimechukua soko la bei ya chini, lakini ya mkono bado inatafutwa kwa ajili ya Idi na harusi, hasa Oman, ambako Waswahili wengi wenye asili ya Oman walikwenda baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Kumma, kofia ya kila siku ya Mwomani, inahusishwa na kofia hii ya Zanzibar, na wanawake wa Maskati huishona majumbani kama wenzao wa Unguja. Mshonaji hutuma picha ya kazi yake kwa WhatsApp na kutaja bei mwenyewe. Mwokaji keki wa Mombasa au Temeke hupokea oda kwa simu wakati kijiko kiko kinywani mwa mtoto, hulipwa kwa M-Pesa, na bodaboda hubeba keki hadi kwa mteja. Nauli ya bodaboda huandikwa kwenye bei. Gharama ya kutoa bidhaa nje ya mlango, ambayo mtoto wa sinia aliilipa kimyakimya kwa muda wake, sasa mteja anaiona na anailipa kwa shilingi.